Jalada la mtoto, jina la mjomba

Asubuhi moja ya mwezi Februari, katika kijiji cha ukanda wa tumbaku mkoani Tabora, mwanamume wa miaka thelathini na ushei alifika zahanati akiwa amembeba mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa anatapika, kichwa kinamgonga, miguu haimshiki. Nesi alimuuliza mwanamume kulikoni. Hakujibu. Alichuma hewani kama mtu anayechuma majani, akaishika mikono ya mtoto iliyokuwa inanata utomvu mweusi, kisha akajishika tumbo. Alikuwa kiziwi.

Nesi yule amekulia kwenye tumbaku na alielewa mara moja. Shati la mtoto lilikuwa limelowa umande hadi kiunoni. Anayevuna tumbaku mbichi alfajiri, majani yakiwa bado na maji, hupata nikotini kupitia ngozi. Mtu mzima huona kizunguzungu na kutapika. Mtoto huumia zaidi kwa sababu mwili wake ni mdogo. Alimhudumia, akamlaza, ndipo akauliza: "Baba, una miaka mingapi?" Mtoto akamtazama mwanamume, wakasemezana kwa mikono, akajibu ana miaka 16. Nesi akamwacha apumzike. Baadaye, walipokuwa wawili tu, mtoto alisema ana miaka 13, kwao ni Kigoma, aliacha shule darasa la tano, na yule aliyembeba ni mjomba wake, kaka wa mama yake.

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika kata hiyo, na nimo kwenye kamati ya kata ya ulinzi wa wanawake na watoto. Kisa hiki kilinifikia siku ya tatu. Nakiandika kwa ridhaa ya wahusika. Majina, vijiji na halmashauri zote mbili nimezificha, na mambo machache nimeyabadilisha ili watu wasitambulike. Ninakiandika kwa sababu karibu kila ofisi ilifanya kile ambacho karatasi zake zinataka, na bado matokeo yalikuwa mabaya. Nilikuwemo.

Kwanza niseme yaliyokwenda sawa, maana yapo.

Nesi alimpigia afisa ustawi wa jamii siku ileile. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto ndani ya eneo lake. Kifungu kinachofuata kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke kwenye serikali ya mtaa, na afisa ustawi akiipata amwite anayelalamikiwa. Ndivyo ilivyokuwa. Tajiri mwenye shamba aliitwa ofisi ya kata kesho yake. Alisema hakujua umri wa kijana, kwamba aliletewa na dalali pamoja na vibarua wengine mwezi Septemba. Afisa alimweleza kwamba kazi nyepesi inaruhusiwa kuanzia miaka 14, tena isiyomzuia mtoto kusoma wala kumdhuru, na kwamba kuvuna tumbaku na kukesha kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, kuchochea moto si kazi nyepesi kwa mtoto wa umri wowote. Kazi inayohatarisha afya, usalama au maadili ya mtoto ni hatarishi kwa mujibu wa kifungu cha 82.

Mtoto hakurudi shambani. Alikaa kwa familia ya kuaminika, mama mmoja mjane ambaye halmashauri imekuwa ikimtumia kwa kazi hiyo. Afisa wetu alimpata mwenzake wa Kigoma kwa simu, na yule akaipata shule, ambako mtoto alikuwa ameandikwa mtoro tangu Septemba, akampata na mama. Siku ya tisa mtoto alipandishwa basi akiwa na mgambo wa kike. Nauli ilitoka mifukoni mwa watu watatu, mmoja wao nesi. Halmashauri zetu zina wajibu mkubwa na kasiki jembamba, na wanaofanya kazi hii wanajua kwamba shauri la mtoto mara nyingi hukwama kwenye mafuta ya pikipiki.

Wiki iliyofuata kamati ya kata ilikaa. Kamati hizi zilikuja na mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017/18, na zipo kuanzia kijiji na mtaa hadi mkoa. Taarifa ilisomwa: mtoto mmoja, ajira hatarishi, ameunganishwa na familia. Tukapiga makofi. Mjumbe mmoja, mama mwenye genge pale senta, akauliza: "Na yule kaka aliyembeba?" Akajibiwa kwamba yule ni mtu mzima, amerudi kazini, akidhulumiwa atakuja kusema.

Atakuja kusema. Maneno hayo yalitamkwa juu ya mtu asiyesema wala kusikia, asiyejua kusoma, ambaye pale kijijini hakuna aliyejua ishara zake ila mtoto wa miaka 13 tuliyekuwa tumemwondoa wiki moja kabla. Hakuna aliyeshtuka. Mimi pia sikushtuka. Muhtasari wa kikao una mstari mmoja juu yake: "Mjomba wa mtoto (bubu) anaendelea na kazi." Hata neno lenyewe lilikuwa la kumdogosha. Viziwi wenyewe wanataka waitwe viziwi, na wana haki ya kuchagua.

Shauri likafungwa mwezi Machi. Kwenye taarifa ya robo mwaka iliyopanda halmashauri liliingia kama shauri moja lililopokelewa, moja lililofungwa.

*

Soko la tumbaku hufunguliwa mvua zikiisha, na kibarua wa msimu hulipwa mwishoni, tajiri akishauza. Ndiyo desturi ya huku. Unakuja Septemba kwenye vitalu, unapanda mvua za kwanza, unavuna, unakausha, unachambua madaraja, unafunga marobota, halafu Julai unahesabiwa chako. Miezi yote hiyo unaishi kwa ahadi.

Katikati ya Julai nilipigiwa simu na mtendaji wa kata jirani. Mama ntilie wa stesheni alikuwa amemletea mtu. Kiziwi, kwa siku kumi na moja amelala chini ya mwembe karibu na reli, analishwa ukoko na maharage. Kila treni ya kutoka Kigoma ikisimama, anakimbia kuangalia wanaoshuka. Mara moja mgambo walimkamata kwa kudhani ni mwizi, kwa sababu walimuuliza mara tatu na hakujibu. Mtendaji aliniambia: "Mwanasheria wetu, huyu hatujui ni wa nani, hatujui ametoka wapi, hatuna pa kumwandika."

Sikumtambua. Zahanati sikuwepo siku ile, na kikaoni tulikuwa tumemzungumza bila kumwona.

Mkoa wa Tabora ndiko ilikoanzishwa shule ya kwanza ya viziwi nchini, mwaka 1963, chini ya Kanisa Katoliki. Watu wanaojua lugha ya alama hawakosekani, ukiwatafuta. Tulimpata mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha viziwi, akakubali kuja. Alikaa naye chini ya ule mwembe nusu siku. Aliporudi alisema: "Huyu hajawahi kusoma. Ishara zake ni za nyumbani kwao, mimi naokota moja moja tu. Lakini mbili anazirudia. Hii," akaweka kiganja usawa wa bega, "na hii," akapitisha kidole kidevuni kama anayechora mstari. "Nadhani anamtafuta mtoto mwenye kovu hapa."

Afisa ustawi alikuwa amesimama nyuma yangu. Yule mtoto wa Februari alikuwa na kovu kidevuni.

Tulirudi ofisini, akatoa jalada. Ukurasa wa tatu, maelezo ya mtoto yaliyoandikwa kwa kalamu siku ya pili: "Aliyenileta zahanati ni mjomba wangu", kisha jina lake kamili, kijiji na jina la mwenyekiti wa kitongoji cha kwao. Tulikuwa na jina lake tangu Februari. Katika mkoa mzima wa Tabora, karatasi pekee ya serikali iliyojua kwamba mtu huyu yupo, anaitwa nani na kwao ni wapi, ilikuwa jalada la mtoto lililofungwa na kuwekwa kabatini.

Wahenga wa Kigoma walikwenda Tanga kukata mkonge wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Ulikuwa mfumo wa dhuluma, na wazee wengi wa Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, wamebeba habari zake. Lakini manamba alikuwa na kipande kinachoonyesha siku alizofanya kazi. Mjomba huyu, baada ya miezi tisa na zaidi shambani, hakuwa na chochote mkononi.

Afisa wetu akapiga simu Kigoma kumwambia mama kwamba kaka yake amepatikana. Upande wa pili kukawa kimya kirefu. Kisha mama akasema mtoto hayupo. Ni wiki ya pili sasa. Ameaga kwamba anakwenda kumfuata mjomba.

*

Mtoto alikuwa ameomba lifti kwenye lori la chumvi kutoka Uvinza. Akavuka Malagarasi, akashuka njia panda ya shamba la zamani, akaambiwa na vibarua kwamba mjomba amefukuzwa. Tajiri mwenyewe alimfukuza mtoto naye kwa maneno makali, akiogopa kuitwa tena ofisini. Basi akatembea kutafuta, kijiji hadi kijiji.

Aliyemwokoa ni mwenyekiti wa kitongoji kimoja, mzee wa Kinyamwezi ambaye kwa miaka yote ameweka daftari la wageni, na analiweka kweli. Tuliposambaza taarifa kwa watendaji wa vijiji, yeye alifungua daftari akasoma: mtoto wa kiume, Muha, hana mwenyeji, analala kwa fulani, anasaidia kufunga marobota. Alikuwa ameshamwita huyo fulani na kumuuliza. Siku mbili tu, tukampata. Vijiji vyote vina agizo la daftari la wakazi na wageni. Kitongoji alikokaa mtoto yuleyule kuanzia Septemba hadi Februari, pamoja na mjomba wake na vibarua wengine wasiopungua kumi, hakikuwa hata na daftari tupu.

Walipokutana ofisi ya kata, mtoto na mjomba walikaa chini sakafuni wakaanza kuzungumza. Mikono ilikwenda kwa kasi ambayo mwalimu mstaafu alishindwa kuifuata. Walizungumza muda mrefu, mjomba akilia na kucheka. Alikuwa amekaa miezi mitano bila mtu wa kuongea naye.

Hapo ndipo tulipoelewa tulichokuwa tumefanya. Nyumbani kwao bibi ndiye aliyekuwa akimsemea mjomba. Bibi alipofariki, mjomba alikwenda msimu mmoja peke yake kwenye tumbaku na akarudi na blanketi. Msimu uliofuata familia ikaamua mtoto aende naye, kwa sababu katika nyumba nzima mtoto ndiye aliyezijua ishara za bibi kuliko wote. Mama aliniambia kwa simu, na nimeyaandika kama alivyosema: "Sikumtuma mwanangu kufanya kazi. Nilimtuma awe mdomo wa kaka yangu." Alipofika shambani tajiri aliona mikono miwili zaidi.

Jalada la Februari lilikuwa na sehemu ya chanzo cha tatizo. Iliandikwa: mzazi amezembea. Kwa mujibu wa karatasi ile, Kigoma walimpa mama onyo na kumtaka amrudishe mtoto shule. Alimrudisha. Hakuna aliyemuuliza kwa nini mtoto aliondoka, na kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba sababu ya kuondoka ilikuwa bado iko shambani Tabora, inavuna tumbaku. Mtoto alijua. Alikaa darasani miezi mitatu na ushei akiwaza kwamba amemwacha mtu asiyeweza kusema, na shule ilipofungwa akaenda kumchukua. Tuliandika kwamba ameunganishwa na familia. Nusu ya familia aliyohesabu yeye ilikuwa haijaunganishwa.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mjadala wetu baadaye ulitaka kuwa wa mambo mawili: shauri la mtoto, ambalo lilifanyika vizuri, na bahati mbaya ya mtu mzima, ambayo ilikuwa nje ya uwezo wetu. Sikubali. Lilikuwa jambo moja. Tulishindwa kumlinda mtoto kwa sababu hatukumtazama mjomba.

*

Je, halmashauri ilikuwa na nguvu ya kisheria kumtazama? Ilikuwa nayo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazipa serikali za mitaa wajibu juu ya haki na ustawi wa watu wenye ulemavu walio katika maeneo yao, na inaunda kamati kuanzia kijiji na mtaa. Katika kata yetu kamati ya kijiji ilikuwepo kwa jina. Ilikutana mara ya mwisho wakati wa kujaza fomu za mikopo. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, nimeona vikundi vikiinuka. Lakini limezaa mazoea: ofisini mtu mwenye ulemavu anajulikana kama mwombaji wa mkopo. Asiye na kikundi, asiye mkazi, asiye na kitambulisho, hana mlango.

Mtoto ana mlango. Ana kifungu, ana fomu, ana simu ya bure namba 116, ana dawati la jinsia na watoto polisi, ana familia ya kuaminika. Nesi alipopiga simu alijua ampigie nani na angeulizwa nini. Kama angempigia mtu juu ya mjomba, angempigia nani? Afisa kazi hayuko chini ya mkurugenzi wa halmashauri. Ni wa serikali kuu, na kutoka kijijini kwetu kumfikia ni safari. Afisa ustawi ni yuleyule mmoja, ana mashauri ya watoto, wazee, ndoa na matunzo, na siku hizi yuko kwenye divisheni moja na afya na lishe. Afisa maendeleo ya jamii, anayeshughulika na mikopo na vikundi, yuko divisheni nyingine. Mjomba alianguka katikati ya meza hizo.

Katika mafunzo fulani tuliwahi kuonyeshwa jinsi England walivyoliweka jambo hili kwenye Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014. Kila halmashauri kule lazima iwe na bodi ya ulinzi wa watu wazima, na kifungu cha 42 kinailazimu kuchunguza inapoona mambo matatu: mtu mzima ana mahitaji ya matunzo na msaada, anadhulumiwa au kutelekezwa au yuko hatarini kufikwa na hayo, na kwa sababu ya mahitaji hayo hawezi kujilinda mwenyewe. Wakati ule niliona ni habari za nchi yenye fedha. Sasa nikiyasoma masharti yale matatu namwona mjomba chini ya mwembe. Kuuliza maswali matatu hakuhitaji bajeti.

Upande wa kazi sheria yetu ilikuwa wazi zaidi kuliko tulivyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoielewa. Kwa kiziwi maana yake ni mkalimani. Tena shauri likifika mbele ya chombo cha sheria na mwajiri hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha kilichokubaliwa unakuwa wake. Kwa hiyo mjomba kutokuwa na karatasi hakukuwa udhaifu wake. Kulikuwa udhaifu wa tajiri. Hili wasaidizi wa kisheria wengi hatulitumii ipasavyo, tunawaambia vibarua "hukuandikishana naye, basi", na tunawavunja moyo bure.

Tajiri alidai walikubaliana laki tatu, na baada ya kukata chakula, dawa na "hasara ya mtoto kuondoka", hakubaki na deni. Mjomba, kupitia mtoto na mwalimu, alisema laki sita na baiskeli. Vibarua wawili waliokuwa bado kijijini walisema waliahidiwa hivyohivyo wote. Nilimweleza tajiri kwamba madai ya namna hii yanaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 60, tuko ndani ya muda, na kule yeye ndiye atakayetakiwa kuonyesha karatasi. Alilipa kwa awamu mbili, mbele ya mtendaji, malipo yake ya tumbaku kutoka chama cha msingi cha ushirika yalipotoka.

Hapa kuna jambo linalonisumbua hadi leo. Katika usuluhishi ule mtoto ndiye aliyekuwa mkalimani mkuu. Mwalimu alikuwepo kuhakikisha, na tulimpa mtoto mapumziko, lakini ukweli ni kwamba tulimkalisha mtoto wa miaka 13 mbele ya mtu aliyemtumikisha na kumfukuza, asimulie dhuluma za mwingine. Niliruhusu kwa sababu bila yeye mjomba angekuwa bubu kweli, kwa kufanywa na sisi. Bado sidhani ilikuwa sawa. Ingefaa tungoje, tumlete mama yake, au mwalimu apewe wiki mbili za kujifunza ishara za mjomba kabla ya kikao.

La pili linalonisumbua ni haraka ya kusuluhisha. Dalali alikusanya watu Kigoma, mmoja wao mtoto, akawavusha mkoa, akawakabidhi kwa matajiri. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008 haihitaji mtoto awe amefungwa kamba. Kumchukua na kumpeleka kwa ajili ya kutumikishwa kunatosha, hata kama hakulazimishwa. Mwezi Februari hakuna aliyemtaja dalali kwa polisi. Tulitosheka na tajiri kuomba radhi. Sasa dawati limefungua jalada, na vibarua wawili wameandika maelezo.

*

Tulipokaa tena na halmashauri, mkuu wa divisheni aliuliza swali moja ambalo nalishukuru: fomu ya shauri la mtoto ingekuwa na swali gani ili hili lionekane Februari? Tulibishana sana. Mwishowe liliongezwa kwa mkono, chini ya sehemu ya familia: "Mtoto alikuwa na nani hapa, na huyo anabaki na nani?" Jibu likiwa ni mtu mwenye ulemavu, mzee au mgonjwa, afisa anafungua ukurasa wa pili kwenye jalada lilelile na shauri halihesabiki limefungwa hadi kurasa zote mbili zifungwe.

Madiwani nao walihojiana kuhusu taarifa za robo mwaka. Kwa miaka wamepokea hesabu: yaliyopokelewa, yaliyofungwa. Diwani mmoja alisema yeye huuliza kwa nini mengine hayajafungwa, hajawahi kuuliza yaliyofungwa yalifungwaje. Nadhani hapo ndipo usimamizi wetu ulipolegea. Idadi ya majalada yaliyofungwa inampendeza kila mtu, na afisa mmoja mwenye kata nyingi anajifunza upesi kufunga. Sasa wanataka kila robo mashauri machache yaliyofungwa yarudiwe: mtu apige simu kule mtoto alikopelekwa, baada ya mwezi na baada ya miezi mitatu. Kama simu hiyo ingepigwa Aprili, mama angesema mtoto hali vizuri, anamuulizia mjomba wake.

Kuhusu daftari la wageni, limependekezwa liwe sheria ndogo: tajiri anayeleta vibarua wa msimu awaandikishe kwa mtendaji wa kijiji, jina, umri, wanakotoka na malipo waliyokubaliana, kabla hawajaanza vitalu. Chama cha msingi kimesema kitashirikiana, ingawa baadhi ya wakulima wanalalamika kwamba ni usumbufu. Mzee wa kitongoji kile alialikwa kueleza anavyofanya. Alisema yeye huandika kwa kalamu ya risasi kwa sababu wageni huhama.

Mtoto amerudi shule, darasa la tano, na halmashauri ya kwao imemwingiza kwenye rejista ya watoto walio katika mazingira hatarishi. Mjomba amenunua baiskeli kwa fedha zake na anabeba mkaa na ndizi kwenda sokoni. Jirani mmoja, binti aliyemaliza kidato cha nne, anajifunza ishara zake ili mtoto asiwe mkalimani wa pekee. Maendeleo yake ni ya polepole. Mjomba, nimeambiwa, ni mwalimu mkali.

Afisa ustawi wa kule ameahidi kuwatembelea tena mwezi Septemba, kabla malori ya kuchukua vibarua hayajaanza kupita.